Samaki Aliyekimbia Maji Yake

Inspekta alifika saa mbili asubuhi akakuta mambo yameshachacha. Mwenye nyumba amesimama mbele ya tangi la kioo, mikono kichwani kama mtu aliyefiwa. Dada wa kazi amekaa juu ya mfuko wake wa nguo karibu na mlango, macho mekundu. Na kati yao, miguu ikining'inia kitini, mtoto wa kike wa miaka mitano anakula mkate huku akihesabu machozi ya dada kwa sauti.

"La tisa hilo. La kumi liko njiani."

"Mwizi ndiye huyo," mwenye nyumba akasema, kidole kimenyooka.

"Marahaba, mwanangu," Inspekta akaitikia, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Mwenye nyumba akaona haya. "Shikamoo, Afande. Nisamehe. Akili yangu haipo."

"Tutaitafuta nayo. Nipe kiti."

Kituoni walimwita Mama Maswali. Alikuwa mama wa watoto wanne, mwili wa kutosha na subira zaidi ya mwili, na viatu vyake vyeusi vya soli nene ya mpira vilijulikana mtaa mzima. Akafungua daftari gotini, akaanza na yule mwenye malalamiko.

Mwenye nyumba alikuwa fundi wa saa. Mtaani waliishia kumwita Fundi Saa, na kuta zake zilikuwa zimejaa kazi yake: saa kubwa, saa ndogo, saa za wateja waliosahau kurudi, zote zinagonga kila moja kivyake. Lakini kitu alichokipenda sebuleni hakikuwa saa. Kilikuwa samaki, arowana wa rangi ya fedha, urefu wa dhiraa nzima, magamba makubwa kama vifungo vya koti, na sharubu mbili zimechomoza kidevuni. Alimnunua akiwa mdogo kama kidole, akamlea miaka mitatu, akamwita Sharubu. Mkewe, ambaye ni nesi wa zamu ya usiku, alimwita "mke mwenzangu".

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilisikia kishindo," Fundi Saa akaeleza. "Nikaamka. Nikamkuta huyu uani, mlango wa nyuma uko wazi, Sharubu yumo ndani ya beseni la kufulia, amefunikwa kitambaa kibichi. Sasa, Afande, samaki anafunikwa kitambaa anakwenda wapi? Harusini?"

"Nilimfunika asiruke!" dada akasema. "Nilimkuta sakafuni, anapigapiga mkia. Nikamshika kwa kitambaa, nikamrudisha kwenye tangi, nikageuka tu kuchukua tambara la deki, akaruka tena. Mara ya pili nikaogopa. Nikampeleka kwenye beseni, maji yake yaleyale ya akiba ambayo baba anayalaza kwenye ndoo."

"Mwongo!" Fundi Saa akamkatiza. "Afande, nenda kaangalie. Kifuniko kiko mahali pake, na matofali mawili juu yake. Sharubu alitokaje? Alibisha hodi?"

"Nilifunika mwenyewe, baba. Tangu lini mimi nikaacha kitu wazi katika nyumba hii?"

"Juzi tu alisema mbele ya mke wangu kwamba huyu samaki angependeza kwenye mafuta ya moto."

"Ulikuwa utani! Mama alicheka mpaka akakaa chini!"

"Mimi pia nilicheka," mtoto akaongeza. Jina la utani la mtoto huyu lilikuwa Kasuku, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Inspekta hakucheka wala hakukasirika. Aliwaangalia wote wawili. Dada huyu aliingia nyumba hii Kasuku akiwa na siku tatu tangu azaliwe. Akiandikiwa wizi leo, hatalala selo tu. Hakuna mlango mwingine wa mtu utakaomfungukia tena, na mtoto aliyemlea atamkosa. Kwa hiyo Inspekta akafunga kalamu kwanza, akainuka, akaenda kulihoji tangi.

Lilikuwa refu kuliko kitanda cha mtoto, limekaa juu ya meza ya chuma iliyochomelewa, na meza imekaa kwenye sakafu ya saruji. Maji meupe. Pampu inatoa mapovu. Hita, lile bomba jembamba la kioo la kupashia maji moto, imesimama kona ya nyuma, taa yake ndogo nyekundu inawaka. Kifuniko cha kioo kimewekwa sawasawa kabisa, kimeachiwa kipenyo kidogo mbele cha kupitishia chakula, matofali yamepangwa kama sahani kabatini. Inspekta akainama. Tofali moja lilikuwa limemeguka kona. Kile kipande kilichomeguka akakikuta nyuma ya mguu wa meza.

"Tofali hili limeanguka," akasema. "Huwezi kuinua kifuniko taratibu uibe samaki, halafu uangushe tofali la kuamsha nyumba nzima."

Akaendelea kutambaa, mkono mmoja kiunoni. Gamba moja, kavu, limeganda ukutani upande wa kushoto. Magamba mawili chini ya kochi, upande wa kulia kabisa. Akayafunga kwenye karatasi mbili tofauti.

"Alianguka huku, na alianguka kule. Mara mbili. Hilo dada hakusema uongo."

"Au alimponyoka mara mbili akimwiba," Fundi Saa akajibu.

Neno hilo nalo lilikuwa na uzito wake, na Inspekta akaliandika. "Kuna dawa yoyote ilitumika humu? Sabuni? Dawa ya madoa?"

Dada akainamisha kichwa. "Jana nilifua mashuka meupe. Nilitumia dawa ya madoa. Lakini uani, si humu."

"Umesikia?" Fundi Saa akaruka. "Umesikia, Afande?"

Inspekta akaomba chupa safi na upawa wa plastiki. Akachota maji ya tangi, akafunga chupa. "Samaki yuko wapi sasa?"

"Kwa Mapezi. Alichanika pezi, nikamkimbiza kwa aliyeniuzia."

"Nisubirini. Na huyu asiondoke, asiondolewe."

Duka la Mapezi lilikuwa upande wa pili wa barabara, chumba kimoja chenye joto na harufu ya mto. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jasho likimtoka. Sharubu alikuwa ndani ya tangi la wagonjwa, anaelea karibu na uso wa maji, ametulia tuli, anatafuna kamba mdogo kwa madaha.

"Amekula?" Inspekta akauliza.

"Huyo ni wa tano. Fundi Saa anasema ana siku nne hajagusa kitu. Hapa amefika, robo saa, amenimalizia kamba."

"Ulimuuziaje?"

"Afande, mimi simuuzii mtu arowana siku ya kwanza," Mapezi akasema, kama mtu anayeozesha binti. "Fundi Saa alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimfundisha kuchagua. Usichague anayeng'aa tu. Tembeza kidole mbele ya kioo, umwone kama jicho linakufuata. Angalia sharubu, ziwe mbili, zimenyooka, zinalingana. Kifuniko cha shavu kilale kama bahasha iliyofungwa, kisiwe kimejikunja. Na ale mbele ya macho yako. Asiyekula dukani hatakula kwako."

"Mara ya pili?"

"Nikamuuliza nyumba yako ina nafasi gani. Kadogo haka kama kidole kanakuwa hivi unavyomwona, na bado. Tangi liwe pana, ageuke bila kukunja mkia. Maji ya bomba uyalaze kwanza, dawa itoke. Kila wiki umtolee robo umtilie robo, usimbadilishie yote kwa pupa. Na kifuniko kizito, kizito, kizito! Huyu kwao huruka kukamata wadudu kwenye matawi. Akiona nzi juu ya taa, ameruka."

"Na akianguka, ukamrudisha, ataruka tena hapohapo?"

Mapezi akavua kofia, akaivaa tena. "Hapana. Akirudishwa atakwenda pembeni, aheme, anune. Arowana ana kinyongo, anaweza kukununia siku mbili. Akiruka mara ya pili papo kwa papo, huyo hatafuti nzi. Huyo anakimbia."

Inspekta akamkabidhi chupa. Mzee akadondosha matone ya dawa ya kupimia, tone la kwanza, la pili, akatikisa, akashika chupa mbele ya taa. Akarudia.

"Hakuna dawa ya madoa humu. Hakuna sabuni. Maji haya ningeoga mwenyewe."

"Basi anakimbia nini?"

"Hapo, Afande, elimu yangu inafika ukutani."

Aliporudi, Inspekta alikuta Fundi Saa ameshapiga simu kituoni kuomba gari. Dada alikuwa amempakata Kasuku, anamsuka mistari, mikono yake inakwenda haraka kama anayekimbizana na kitu.

"Ukisukwa na mama usilie," dada alikuwa anamwambia. "Useme tu, mama, polepole."

"Mama anavuta. Wewe huvuti."

"Atajifunza."

"Kwa nini ajifunze na wewe upo?"

Dada akaanza mstari mwingine. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Hata katikati ya balaa alikuwa amepiga deki. Inspekta akakaa, akamweleza Fundi Saa kwamba maji ni safi na hakuna sumu. Fundi Saa akasema vema, basi ni wizi mtupu. Wakati wanabishana, Kasuku akateleza kutoka mapajani, akatembea pekupeku hadi kwenye tangi, akapanda chuma cha chini cha ile meza, kama alivyozoea.

"Unakwenda wapi, wewe?" baba yake akamuuliza.

"Kumwamkia Sharubu."

"Sharubu hayupo, mwanangu."

"Najua. Lakini mtekenyo wake upo. Nimeushika asubuhi. Ameuacha humu ndani."

Fundi Saa akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, macho yakamlowa. "Unamwona, Afande? Kila asubuhi anatia kidole kumwamkia samaki. Mimi ndiye niliyemfundisha. Siku hizi anasema Sharubu anamtekenya."

Inspekta hakutabasamu. Hatua mbili, na mwili wake wote ule, alikuwa ameshamnyanyua mtoto kiunoni, kidole kimebaki shibiri moja kufika majini.

"Afande!" Fundi Saa akashtuka.

"Nyamaza." Akamkalisha Kasuku juu ya kochi, mbali. Sauti yake ikawa laini. "Mjukuu wangu, mtekenyo ukoje?"

"Kama mguu ukilala. Sisimizi wanatembea ndani ya kidole mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

"Ulianza lini?"

"Tangu baba alipombadilishia Sharubu maji. Zamani alikuwa hatekenyi."

"Na leo asubuhi, ulipotia kidole, Sharubu alikuwa wapi?"

"Ameshapelekwa kwa babu Mapezi."

Mtoto alikuwa ameeleza yote, na wakubwa walikuwa wanacheka. Samaki hayupo, mtekenyo upo. Basi mtekenyo haukuwa wa samaki.

"Fundi, siku hizi nne umetia mkono humo?"

"Sijatia. Namlisha kwa koleo la mbao."

"Dada, leo alfajiri ulipomrudisha, ulivaa nini miguuni?"

"Ndala, mama. Natembeaje bila ndala alfajiri?"

"Na mkono uligusa maji?"

"Nilimwachia kwa kitambaa. Yalinirukia tu."

"Swichi kuu iko wapi?"

"Nyuma ya mlango wa jikoni," dada akajibu kabla ya mwenye nyumba.

"Kazime. Mkono mkavu. Sasa hivi."

Dada akakimbia. Taa ikazimika, pampu ikanyamaza, mapovu yakaisha. Zikabaki saa zinagonga. Fundi Saa akakaa chini taratibu kama mzee.

Fundi umeme wa mtaa alikuja na mkoba wake begani na mswaki bado mdomoni. Inspekta akawatoa wote barazani, hata Fundi Saa, akabaki mlangoni yeye na soli zake nene. Fundi umeme akavaa glavu za mpira, akarudisha umeme, akachovya ncha ya testa, ile bisibisi yenye taa ndani ya mpini, kwenye maji.

Taa ikawaka.

"Mama yangu mzazi!" Mswaki ukamdondoka. "Zima! Zima tena!"

Umeme ulipozimwa na plagi zote kuchomolewa, akaitoa hita, akaifuta, akaipeleka dirishani. Karibu na shingo ya kile kioo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukitazama haraka, huuoni.

"Maji yameingia ndani, umeme umetoka nje," akasema. "Mwenye ndala hausikii, mpira unauzuia. Lakini mtoto pekupeku, kasimama juu ya chuma, chuma kiko kwenye saruji mbichi... Na nyumba hii haina kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja. Afande, leo ulikuwa mtekenyo. Ufa ungeongezeka kidogo tu, tusingekuwa tunaongea hivi."

Wewe unayesoma haya na una mtoto anayetambaa au anayetembea, nenda kwanza kachomoe chochote cha umeme kilicho karibu na maji, halafu urudi uendelee. Hadithi itakungoja.

"Hita haipasuki kwa kupenda," Inspekta akasema. Alimgeukia Fundi Saa, aliyekuwa ameshika nguzo ya baraza. "Siku ile ulipobadilisha maji, uliichomoa?"

Fundi Saa akaiachia nguzo, akaikamata tena.

"Fundi?"

"Sijawahi kuichomoa hata siku moja. Nilishusha maji. Mengi, zaidi ya robo, nilitaka kusugua kioo. Nikasema nikizima, maji yaliyobaki yatapoa, Sharubu atashikwa na baridi. Nikaiacha inawaka."

"Ikabaki nje ya maji, inachemka. Halafu ukaimwagia maji ya ndoo."

"Nilisikia tik." Fundi Saa akafumba macho. "Moja tu. Mimi najua mlio wa kila saa iliyo ukutani humu, Afande. Ile sikuijua. Nikajiambia ni saa ya mteja, kesho nitaitafuta."

Inspekta akafungua daftari kwenye ukurasa wa malalamiko, akauonyesha. "Nimeandika hapa kwamba unamshitaki dada huyu kwa wizi. Gari linakuja. Nifanye nini?"

"Futa, Afande."

"Mimi sifuti kwa kuambiwa mimi. Mwambie yeye."

Fundi Saa akageuka. Vidole vyake, vinavyoshika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, havikujua pa kukaa. "Dada. Nimekukosea."

"Umenikosea, baba," dada akasema. Hakupandisha sauti. "Si kidogo. Nilikueleza mara mbili kwamba samaki amekataa maji. Ungenisikiliza mara ya kwanza, mtoto asingetia kidole leo asubuhi."

"Ni kweli."

"Nilipokueleza nilikuwa nyuma yako, nimeshika tambara. Hukuniangalia usoni."

"Ni kweli, dada. Ni kweli tupu."

Inspekta akapiga mstari mrefu kwenye ukurasa, akatia saini pembeni, akampigia dereva simu ageuze gari.

Hapo geti likalia. Mama wa nyumba aliingia na sare yake ya kazi, viatu mkononi, usingizi machoni, akakuta baraza imejaa: polisi, fundi umeme, mume ameinama, mfuko wa nguo mlangoni. Akauliza nini, na Kasuku, ambaye hakuwahi kuachia mtu mwingine atoe habari, akamweleza yote kwa pumzi moja, mtekenyo, hita, mswaki ulivyodondoka.

Mama hakupiga kelele. Alipiga magoti, akachukua mkono wa mtoto, akavikagua vidole kimoja kimoja, kucha, viungo, kiganja, kama anavyowakagua waliozaliwa usiku. Akarudia mkono wa pili. Halafu akajaribu kumbeba, akashindwa. Kazini alikuwa ameshika watoto wa watu usiku kucha na hakutetemeka. Huyu wa kwake alimshinda.

"Dada, mshike wewe," akasema. "Mimi mikono haina nguvu."

Dada akamwinua Kasuku, akamweka kiunoni. Mtoto akalaza kichwa begani pake, msuko mmoja bado haujamalizika.

"Na mimi?" Fundi Saa akauliza kwa unyonge. "Mimi nifanye nini?"

Mkewe alimtazama. Kisha akatazama mfuko uliokuwa mlangoni.

"Wewe beba huo mfuko," akasema, "uurudishe chumbani kwa mwenyewe, ukunjue nguo moja moja, uzipange kabatini kama alivyokuwa amezipanga. Ukimaliza, umwite aje akague. Akisema hapana, unarudia."

Fundi Saa akauokota mfuko kwa mikono miwili, akaingia ndani.